Udaktari kwa miaka 3: jinsi ya kuvuka kila lango bila kudisko

Barua ilikuwa na mistari mitano. Nimefeli moduli ya figo. Kamati ya maendeleo ya wanafunzi itakaa Alhamisi saa 10 jioni. Naruhusiwa kwenda na mtu mmoja wa kunisindikiza, ambaye hataruhusiwa kusema chochote. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi, begi mgongoni, zikiwa zimebaki dakika 6 kabla ya kipindi cha kwanza cha moduli ya mapafu. Nilikuwa bado sijazika figo, mapafu yameshaingia.

Nilikuwa kwenye njia ya miaka 3, Marekani. Nilimaliza kwa miaka 4. Leo ni daktari kamili, na kila mwaka wadogo zangu wawili watatu hunipigia simu baada ya kupata barua ya mistari mitano kama ile, wakiogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Nimechoka kuyarudia haya kwenye simu usiku, kwa hiyo nayaandika.

Jua kwanza kilichokatwa

Watu wakisikia programu ya haraka hudhani masomo yamepunguzwa. Mara nyingi masomo yapo palepale. Kilichoondolewa ni likizo na vipindi vya kuchagua mwenyewe. Kwenye vyuo vikuu vya McMaster na Calgary kule Kanada wanafunzi wote wa udaktari husoma miaka 3, kwa karibu miezi 11 kila mwaka. UMKC, chuo kikuu cha Kansas City, Marekani, tangu 1971 huchukua vijana waliotoka sekondari na kuunganisha digrii mbili, ya kwanza na ya udaktari, ndani ya miaka 6. NYU, chuo kikuu cha New York, ilianzisha njia yake ya miaka 3 mwaka 2013. Uingereza aliye na digrii tayari anaweza kusoma miaka 4 badala ya 5 au 6. Wala si mambo ya jana: wakati wa Vita Kuu ya Pili vyuo vya tiba vya Marekani vilibana masomo yakawa ya miaka 3, na miaka ya 1970 vingi vikajaribu tena, vikisukumwa na fedha za serikali. Fedha zilipokauka, vingi vikarudi kwenye miaka 4.

Sasa piga hesabu hii, kwa sababu mimi sikuipiga. LCME, chombo kinachoidhinisha vyuo vya tiba Marekani, kinataka angalau wiki 130 za mafunzo kwa kila programu, ndefu au fupi. Miaka 4 ina wiki 208. Toa 130, zinabaki 78. Miaka 3 ina wiki 156. Toa 130, zinabaki 26. Hizo 26, kwa miaka 3 mizima, ndizo za kuugua, kufiwa, kujiandaa na mitihani ya leseni, kwenda usaili wa mafunzo ya ubingwa, na kulala. Tena nimekupa hesabu ya ukarimu, maana programu nyingi zinaanza Julai au Agosti na kuishia Mei, kwa hiyo hata hiyo miaka 3 haijatimia.

Mwanafunzi wa miaka 4 akifeli moduli mwezi wa 11, mara nyingi anaweza kupangiwa sapu, yaani mtihani wa marudio, kiangazi, wakati wa likizo. Ile likizo ni spea tairi yake. Sisi spea ilishauzwa siku ya kusaini. Ukipata pancha, ama unaziba tairi gari likitembea, yaani unafanya sapu huku moduli nyingine inaendelea, ama unashuka na kusubiri gari linalokuja nyuma. Karibu kila uamuzi utakaokukabili huko unarudi kwenye jambo hili moja.

Kurasa za kusoma kabla ya anatomia

Fungua kitabu cha mwongozo wa mwanafunzi, sehemu ya kupanda mwaka na kuondolewa. Usisome chote, hakuna binadamu aliyewahi kukisoma chote. Tafuta majibu ya maswali haya, uyaandike kwa mkono wako: Nikifeli moduli ngapi naitwa mbele ya kamati? Nikifaulu sapu, kufeli kule kunafutwa au kunaendelea kuhesabiwa? Ninazo siku ngapi za kukata rufaa, na rufaa inapelekwa kwa nani?

Halafu swali ambalo lilinikata miguu: alama ya kubaki kwenye njia ya haraka ni sawa na alama ya kufaulu? Kwenye baadhi ya programu si sawa. Kwetu kufaulu kulikuwa asilimia 70, kubaki kwenye njia ya miaka 3 kulikuwa 75. Maana yake unaweza kufaulu kila kitu, usiwe na sapu hata moja, na bado ukaondolewa kwenye njia. Kwenye programu zilizounganisha digrii mbili lango hili huja mapema zaidi na kwa sura nyingine: wastani wa alama za digrii ya kwanza usishuke chini ya kiwango fulani, na baadhi hutaka pia alama fulani ya MCAT, ule mtihani wa kuingilia tiba unaopimwa kutoka 472 hadi 528. Pale hakuna aliyefeli, ila kuna ambaye kiti chake cha udaktari kimeondoka.

Mshauri wangu wa masomo aliniambia kwa mdomo kwamba moduli moja si kitu, wanaangalia mwaka mzima. Aliniambia tukiwa tunatembea kwenye korido, na nina hakika hakuwa na nia mbaya. Kitabu kilisema kitu kingine. Tangu hapo nina desturi: nikiambiwa jambo la kanuni kwa mdomo, jioni natuma baruapepe ya mistari miwili, "Asante kwa maelezo ya leo, nimeelewa kwamba ni hivi na hivi, nisahihishe kama nimekosea." Jibu nalihifadhi. Kwenye kamati hakuna anayekubali "niliambiwa".

Karatasi ya ukutani

Nunua karatasi ya manila, ibandike ukutani, anza kuandika kutoka mwisho. Mei ya mwisho: mahafali. Machi kabla yake: wiki ambayo NRMP, mfumo wa kitaifa wa kupanga madaktari wapya, hutangaza nani amepangiwa hospitali gani kwa mafunzo ya ubingwa. Septemba kabla ya hapo: maombi. Kabla ya maombi, Step 2, mtihani wa pili wa leseni. Kabla au baada ya zamu za wodi, kutegemea chuo, Step 1, ule wa kwanza. Rudi hivyo hadi leo. Mitihani iandike kwa wino mwekundu. Kisha tafuta wiki tupu, uzizungushie duara. Mimi nilipofanya hivi, nikiwa nimeshachelewa, nilipata maduara 4 kwa mwaka mzima wa kwanza. Simu ikiita kwamba kuna harusi, unaangalia ukuta kwanza ndipo unajibu.

Kama programu yako imekuahidi nafasi ya ubingwa mapema, kama njia nyingi za miaka 3 zinavyofanya, andika pia tarehe ya mwisho ya kubadili fani. Kuchagua fani ukiwa hujawahi kukesha wodini ni sawa na kuchumbia kwa picha. Wapo wanaopatia. Wewe jua tu mlango wa kutokea uko wapi na unafungwa lini.

Ishara za wiki ya pili

Moduli yetu ya figo ilikuwa ya wiki 5. Anayefeli moduli kama hiyo huwa ameshafeli tangu wiki ya pili, ila matokeo ndiyo yanachelewa kumfikia. Ishara yangu ilikuwa hii: nilikuwa narudia kutazama mihadhara, na kila nilipoitazama niliielewa vizuri. Kuelewa wakati mwalimu anaeleza ni uelewa wa mwalimu. Wewe hujapimwa bado.

Nikupe mfano wenyewe. Asidi na besi. Niliijua fomula kwa moyo: mgonjwa ambaye damu yake ina asidi ya kimetaboliki, zidisha bikaboneti kwa 1.5, jumlisha 8, hiyo ndiyo kabonidioksaidi unayoitarajia, ongeza au punguza 2. Bikaboneti ikiwa 12, unatarajia 26. Ningeamshwa usiku ningeisema. Kwenye mtihani likaja swali la mgonjwa mwenye bikaboneti 12 na kabonidioksaidi 34, nikajibu "asidi ya kimetaboliki" na kusonga mbele kifua wazi. Iliyotarajiwa ni 26, aliyonayo ni 34: huyu mtu hapumui inavyotakiwa, ana tatizo la pili juu ya lile la kwanza, na huenda ndilo litakalomuua. Fomula nilikuwa nayo mfukoni, nikasahau kuitoa. Nilikosa maswali 5 ya namna hiyohiyo kwenye mtihani mmoja.

Baada ya hapo nikaanzisha daftari la makosa, na hili ndilo jambo moja nisiloacha kumwambia mtu yeyote. Kila siku maswali 40 kutoka benki ya maswali, kwa kujipima muda, bila kitabu. Kila ulilokosa unaliandikia vitu vitatu: nilijibu nini, kwa nini nilidhani ni sahihi, ni neno au namba gani kwenye swali niliiruka. Usinakili maelezo marefu ya jibu. Hutayasoma tena, tusidanganyane. Kile kitu cha tatu ndicho dawa. Baada ya wiki tatu nilipitia daftari nikaona nimeandika "sikulinganisha na kiwango kilichotarajiwa" mara 11. Tatizo halikuwa figo. Nilikuwa mtu anayesimama kwenye jibu la kwanza.

Ukiona maswali unayopata yako chini ya alama ya kubaki kwenye njia kwa wiki mbili mfululizo, usingoje mtihani. Nenda kwa mwalimu wa moduli na daftari mkononi. Mwalimu anayeonyeshwa makosa 30 yaliyopangwa anajua la kufanya kuliko anayeambiwa "sielewi asidi na besi".

Barua kwa kamati

Wakikuita, watakuomba maelezo kwa maandishi. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Nilikuwa napitia kipindi kigumu. Naomba kamati inielewe. Naahidi kujitahidi zaidi." Nilimpa dada mmoja aliyenitangulia miaka miwili. Aliisoma akiwa amesimama, akachukua kalamu, akapiga mstari chini ya "zaidi" na kuandika pembeni: Kumbe hadi sasa hukuwa unajitahidi?

Iliyokwenda ilisema hivi, karibu neno kwa neno: "Nilipata 64, kiwango ni 70. Zaidi ya nusu ya maswali niliyokosa yalihusu asidi na besi. Tangu tarehe 9 Oktoba nakutana na mwalimu wa fiziolojia kila Jumanne na Ijumaa, na nimeshafanya maswali 280. Naomba kufanya sapu tarehe 2 Novemba. Nikipata chini ya 75, nitaomba mwenyewe kuhamia darasa la miaka 4." Namba, sababu, kilichokwisha kufanyika, ombi lenye tarehe. Kama kuna ugonjwa au msiba, utaje kwa sentensi moja na uambatishe karatasi ya daktari. Usiwafanye watu wazima 7 wakisie.

Maana walikuwa 7, na boksi la tishu katikati ya meza, jipya, halijafunguliwa. Nililitazama muda wote. Walikuwa wamesoma barua. Nilijua kwa sababu swali la kwanza lilihusu ile ahadi ya mwisho, kama nilimaanisha. Nikasema ndiyo. Kikao kilikwisha kwa dakika 12.

Kushuka kabla hujasukumwa

Sapu nilipata 76. Watu wakanipongeza. Lakini wiki nilizokuwa naziba figo, mapafu yalikuwa yanavuja: 71. Nimefaulu, ila chini ya 75. Moduli iliyofuata nayo 73. Hapo ndipo nilipokosea kuliko kwenye figo. Nilisubiri hadi Februari, nikitumaini moduli moja nzuri ingenirudisha juu, na nilipoenda kuomba kuhamia darasa la miaka 4 kamati ilikuwa imeshaandika uamuzi wake. Darasa nililohamishiwa lilikuwa lilelile. Karatasi zilikuwa tofauti. Anayeomba mwenyewe kubadili njia anaandikiwa kwamba amebadili njia. Anayeondolewa anaandikiwa kwamba ameondolewa, na jambo la namna hiyo huingia kwenye MSPE, ile barua ya chuo inayotumwa kwa kila hospitali utakayoomba. Mapengo, kurudia masomo na adhabu, vyote vina sehemu yake humo.

Njia nyingi za miaka 3 zimeachiwa mlango wa kurudi kwenye miaka 4. Gharama yake ni ada ya mwaka mmoja zaidi na mwaka mmoja wa mshahara wa daktari uliochelewa. Ni nyingi, sikatai. Kudisko ni ghali zaidi: unabaki na deni bila cheti. Kama umekaa chini ya alama ya njia kwa moduli mbili zinazofuatana, kaomba mwenyewe. Ikibidi kuahirisha masomo kabisa kwa sababu ya afya, ahirisha kabla ya mtihani. Ukishaufeli, maelezo yale yale husikika kama kisingizio.

Kabla ya kusaini fomu yoyote pita ofisi mbili. Ya kwanza ni ya mikopo. Chuo kinachopitisha mikopo ya serikali ya Marekani kinalazimika kupima maendeleo yako kwa alama na kwa kasi, na moduli unayorudia inagusa hiyo kasi. Wanaita SAP, na tafadhali usichanganye na sapu yetu, ingawa kwa kweli moja huzaa nyingine.

Ya pili ni ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kama una F-1, viza ya mwanafunzi. Hapa sina mzaha. Huruhusiwi kupunguza masomo chini ya kiwango kamili bila ofisa wa ofisi hiyo kuidhinisha kwanza. Rafiki yangu aliacha moduli Jumatatu kwa ruhusa ya mwalimu, akaenda kwa ofisa Ijumaa, na zile siku nne zilimtesa miezi. Kuongezewa muda wa I-20, hati ya chuo inayoonyesha masomo yako yanaisha lini, lazima kuombwe kabla tarehe iliyoandikwa haijapita, na kanuni inasema wazi kwamba kuchelewa kwa sababu ya kuwekwa kwenye uangalizi wa kitaaluma au kusimamishwa si sababu inayokubalika. Ugonjwa wenye vyeti unakubalika. Ndiyo maana narudia: cheti cha daktari kitangulie, barua ya kamati isitangulie.

Wodini wanaanguka wengine kabisa

Waliovuka madarasa kwa alama nzuri huanguka wodini kwa vitu vya ajabu. Kadi ya chanjo iliyopitwa na muda, fomu za tathmini ambazo hazikujazwa, kuchelewa raundi mara tatu. Kamati inavihesabu vyote kama mwenendo wa kitaaluma, na mwenendo hauna sapu. Weka kengele ya simu kila Ijumaa mchana: dakika 15 za makaratasi tu.

Na kila zamu ina mtihani wake wa mwisho, mara nyingi wa NBME, bodi ya kitaifa ya mitihani ya tiba. Kwenye njia fupi hakuna wiki ya kusoma kati ya zamu moja na nyingine, kwa hiyo yale maswali 40 yanashuka hadi 15, lakini hayakomi, hata siku uliyotoka zamu ya usiku. Kama chuo kinakupa muda wa ziada kwenye mitihani kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa, ujue hauhami wenyewe kwenda kwenye mitihani ya leseni. Unaomba upya, miezi kadhaa kabla.

Step 1 tangu Januari 2022 haina alama, ni kufaulu au kufeli. Wengi wakapumua. Mimi naona imewadanganya wa njia fupi: wanaupa wiki tatu za mwisho kwa kuwa "ni kufaulu tu". Kila Step una majaribio 4 kwa jumla, na kufeli kunaonekana milele kwenye taarifa yako. Usipange tarehe hadi mitihani miwili ya majaribio, iliyoachana kwa wiki, ikuonyeshe umevuka kwa nafasi. Kama ukuta wako hauna wiki hizo, hiyo nayo ni sababu ya kwenda kuomba mwaka wa 4.

Nilipofika kwenye usaili wa ubingwa nilikuwa na sentensi moja tayari, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo: "Nilifeli moduli ya figo mwaka wa kwanza, nikahamishiwa darasa la miaka 4, na tangu hapo sijafeli kitu." Mzee aliyekuwa ananisaili alikuwa bingwa wa magonjwa ya figo. Alivua miwani.

"Bikaboneti 12," akasema. "Unatarajia nini?"

"Ishirini na sita," nikamjibu. "Na kabla sijasema chochote, ningependa kuona aliyonayo."